Masale Arobaini ya Chemchemi

Sogea karibu, wewe unayenisoma, na unisikilize polepole. Jambo hili lina hatua zake, na ukiruka moja utadhani tulikuwa watu wajinga. Hatukuwa wajinga. Tulikosea, na mimi ndiye niliyeanza.

Mwezi uliopita nilipanda kutoka Moshi mjini kwenda Mwika kumzika Mama Anasia. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, lakini ukiniuliza nilikulia wapi, mdomo utataja kwake kabla sijafikiri. Uani watu walikuwa wamejaa, wanawake wakimenya ndizi za msibani, wanaume wakivuta mabenchi kutoka kanisani. Niliomba niingie jikoni peke yangu kidogo. Ni jiko lile lile la mbao, nusu ya watu na nusu ya ng'ombe, na katikati ubao unaokufika kifuani. Mundu wake wa kukatia majani ulikuwa umechomekwa pale pale ulipokaa siku zote, kati ya nguzo na bati. Mpini wake umelika upande mmoja, mahali kidole gumba kilipoegemea kwa miaka yote ile. Niliushika nikajaribu kuweka kidole changu kwenye kile kishimo. Hakikutosha, kilikuwa kinene mno. Nilicheka peke yangu, maana nilimsikia kabisa akisema, “Karani, mikono yako ni ya kalamu.”

Karani ndilo lilikuwa jina langu mwaka ule. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu, na serikali ya kijiji ilikuwa inatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka awe mwandishi wa kamati ya msitu. Mama Anasia alikuwa na chumba, na alikuwa ametoka kumwoza binti yake wa mwisho huko Holili. Akasema nije nimsikilize akiongea, maana ng'ombe wake alikuwa ameshachoka kumsikiliza.

Acha nikueleze kwanza watu wa juu wanavyoishi, ndipo utaelewa kosa langu. Kila nyumba ina kihamba chake, yaani shamba linalozunguka nyumba: migomba juu, kahawa chini ya migomba, magimbi penye unyevu, na pembeni banda la ng'ombe. Ng'ombe huyo hatoki kwenda malishoni. Malisho ndiyo yanayomfuata, yakiwa kichwani kwa mwanamke. Naye analipa kwa maziwa na kwa samadi, na samadi inarudi kwenye migomba. Lakini vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vimekuwa vidogo, na hakuna anayeweza kutenga kipande cha kuotesha majani. Majani yanatoka ukingoni mwa msitu, juu ya nyumba za mwisho. Huko huko juu ndiko iliko chemchemi inayolisha mfongo wetu, mfereji waliouchimba mababu, unaoshuka kutoka kihamba hadi kihamba kwa zamu. Kwa hiyo msitu ukifungwa, ng'ombe hana chakula. Msitu ukikatwa, mgomba hauna maji. Maisha yote ya kule juu yamekaa katikati ya hayo mawili.

Miaka michache kabla sijafika, miti ya kuzunguka chemchemi ilikatwa sana, na maji ya mfongo yakapungua hadi watu wa chini wakawa wanapata tope. Ndipo mwaka ule bwana misitu, mtu mkimya mwenye pikipiki na koti refu la mvua, aliposimama kwenye mkutano wa kijiji akasema maneno machache. Alisema msitu ule tutaulinda sisi wenyewe, kwa kamati yetu na sheria zetu. Tukiulinda, wanawake wataendelea kukata majani. Akikuta mti umeangushwa kwenye chemchemi, ataufunga msitu, na ukifungwa hata jani halitoki. Watu walipiga makofi. Mama Anasia, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, hakupiga. Alikuwa na ng'ombe mmoja, chotara mweusi aliyeitwa Siwema, mwenye mimba ya pili. Maziwa ya Siwema ndiyo yaliyokuwa chumvi, sabuni na dawa yake ya kifua. Hakuwa na kijana wa kwenda kumtafutia majani tambarare. Msitu ukifungwa, Siwema angeuzwa, na hilo kila mtu alilijua bila kuambiwa.

Tuliandika sheria. Kukata majani ni Jumanne na Ijumaa. Unapanda na mundu, si panga. Kuni ni zile zilizokauka na kuanguka zenyewe. Kwenye chemchemi na hatua mia kuizunguka, hakuna anayekata chochote. Mwenyekiti alikuwa Mzee Elinaza, ambaye kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa zamu za mfongo. Watu walimwamini kwa sababu moja: siku mkwe wake mwenyewe alipofungulia maji kabla ya zamu yake, mzee alishuka na jembe akayaziba mbele ya majirani, akarudi nyumbani kula chakula alichopikiwa na mkwe huyo huyo.

Asubuhi zetu zilianza na uji, na mazungumzo ya kupita juu ya ubao. Nakumbuka siku nilipomaliza kuandika majina ya wakataji wa majani.

“Karani, jina langu umeliandika vizuri?”

“Nimeliandika, mama.”

“Na la Siwema?”

“Ng'ombe haandikwi, mama.”

“Basi kamati yenu haijakamilika. Anayekula msitu ni yeye. Mimi ni mchukuzi tu.”

Jirani yake, Mama Eliya, alikuwa akicheka kutoka upande wa pili wa uzio, maana hakuna neno lililosemwa jikoni mle ambalo hakulisikia. Hao wawili walipanda msituni pamoja kila Jumanne na Ijumaa, wakashuka wameinamisha shingo chini ya mizigo yao, bado wanabishana habari ya tangu asubuhi. Mchana tulikula kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, tukishushia maziwa ya mgando. Nilinenepa. Nilikuwa na raha, na raha ikanipa kiburi.

Katikati ya mwaka nilipelekwa Moshi mjini kwenye semina ya siku tatu ya makarani wa kamati. Mwalimu wetu alikuwa mtu mzuri, ametoka Tabora, anajua misitu kuliko sote. Alisema sheria haitoshi kwenye karatasi. Mpaka lazima uonekane. Wekeni alama, alisema, ambayo watu wenu wanaiheshimu bila kusukumwa. Kule kwao walipaka miti rangi. Mimi nilikaa pale nikatabasamu, kwa sababu nilijua kitu ambacho mwalimu hakukijua. Kwetu iko alama ambayo hata mlevi anaiheshimu. Ni isale.

Kama wewe si mtu wa mlimani, isale ni mmea wenye majani marefu kama upanga, unaokua wima na hauogopi jua wala kivuli. Unaupanda kwa kukata kipande na kukichomeka ardhini. Vihamba vyetu vimetenganishwa kwa masale. Ukuta unaweza kuvunjwa, uzio unaweza kusogezwa, lakini hakuna mtu atakayeng'oa isale la mpaka, maana anayeling'oa anajitafutia laana, yeye na watoto wake. Na jani la isale ndilo unalobeba ukienda kuomba msamaha. Ukipelekewa jani hilo huwezi kukataa, hata kama moyo bado unawaka. Nikajiambia: nikiiwekea chemchemi mpaka wa masale, hakuna atakayevuka.

Niliporudi, Mama Anasia alikuwa ameshuka Holili kwa binti yake aliyejifungua, akaniachia Siwema kwa majuma mawili. Angekuwepo, haya yote yasingetokea. Nilikwenda kwa Mzee Elinaza, nikamwamkia, nikamwomba vipande vya masale kutoka kihamba chake, maana kwake yalikuwa mengi na yenye afya. Hakuniuliza ya nini. Alidhani ni ya uzio wa shule, tulioupanga mwezi uliotangulia, nami sikumweleza kwa kuwa nilitaka kuwashangaza kwenye kikao kijacho. Alinikatia arobaini kwa mkono wake. Mimi na wenzangu wawili wa kamati, wa umri wangu, tulipanda msituni Jumatano, siku ambayo hakuna wakataji, tukayachomeka kwa mstari ulionyooka, hatua mia kutoka kwenye maji. Tulipomaliza tulinawa mikono kwenye chemchemi, tukatazama kazi yetu. Ulikuwa mstari mzuri sana. Hadi leo nasema ulikuwa mzuri.

Ijumaa wanawake walipanda, wakauona. Jumamosi ilikuwa msaragambo wa kusafisha mfongo, siku ambayo kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Mimi nilikuwa nimeinama ndani ya mfereji nikitoa majani, na juu yangu, ng'ambo ya migomba, wanaume wawili walikuwa wamepumzika. Hawakuniona. Mmoja nilimtambua kwa sauti: Baba Eliya, mume wa jirani yetu.

“Mzee ameshamega,” alisema.

“Amemega nini?”

“Juu, kwenye chemchemi. Masale mapya, na ni ya kwake. Nani hayajui masale ya Elinaza, yale mapana? Amejipimia kihamba.”

“Elinaza? Hapana, bwana.”

“Ndiyo maana wakasema tusivuke. Wewe ulifikiri ni kwa ajili ya maji? Mimi nina vijana watano na kihamba ambacho kuku akiruka ameshatoka. Kama msitu unagawanywa, mimi nimelala?”

Nilipaswa kutoka mferejini wakati ule ule na kusema, “Baba, ni mimi.” Neno moja tu lingetosha. Lakini niliona aibu, nikajiambia ni porojo za kupumzikia, zitakwisha. Hii ndiyo sehemu ya hadithi ninayowaambia vijana ninaofanya nao kazi sasa, kwa sababu kila mmoja wetu ana mfereji wake aliowahi kujificha ndani yake.

Jumanne iliyofuata nilipanda kukata majani ya Siwema. Nje ya mstari wangu kulikuwa na mstari mwingine wa masale, uliopinda, uliopandwa kwa haraka. Ndani yake vichaka vilikuwa vimefyekwa kwa panga, na miti mitatu ilikuwa imelala: miruka miwili na mringaringa mmoja ambao mikono yangu isingeuzunguka. Maji ya shina yalikuwa bado hayajakauka. Mbele yake palikuwa na mstari mwingine, na mwingine. Watu wanne walikuwa wamejipimia vihamba. Masale yangu hayakuvukwa hata moja. Wote waliyaheshimu kabisa, wakapanda ya kwao kando yake, kama majirani wema wanavyofanya. Na bwana misitu angekuja Jumatatu.

Mama Anasia alirudi jioni ile na kanga mpya na habari za mjukuu. Nilimwambia yote kabla hajavua viatu. Alisikiliza akiwa amesimama, akamtazama Siwema, akanitazama mimi. Kisha akakaa kwenye kigoda na kucheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

“Semina siku tatu,” alisema. “Siku tatu!”

“Mama, mimi nilifikiri isale linasema usivuke.”

“Isale halisemi usivuke, mwanangu. Linasema hapa ni kwa fulani. Ukiliona unauliza fulani ni nani. Wewe uliliweka mahali ambapo ni pa wote, halafu ukalitoa kwa Elinaza. Watu wafanye nini? Wamesoma ulichoandika.”

“Basi tuweke kibao, tueleze.”

“Kibao mbele ya isale? Nani atakiamini kibao? Yang'olewe.”

“Lakini nani atayang'oa?”

“Aliyeyapanda. Mwingine akiyang'oa tutazika mtu. Na ung'oe mchana, watu wakiona.”

Sikulala vizuri siku zilizofuata. Jumapili, baada ya ibada, tulisimama nje ya kanisa kwenye mnada wa sadaka: mikungu ya ndizi, mayai, jogoo mmoja aliyenunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu ili aongeze sadaka. Mnada ulipokwisha, mzee wa kanisa aliniruhusu nitangaze. Mzee Elinaza hakuwepo. Alikuwa ameacha kutoka nyumbani tangu uvumi ulipomfika. Nilisema masale ya chemchemi niliyapanda mimi, kwamba mzee alinipa vipande bila kujua vinakwenda wapi, kwamba hakuna aliyepewa kihamba na hakuna atakayepewa, na kwamba naenda kuyang'oa sasa hivi, anayetaka kuona anifuate.

“Karani,” Baba Eliya aliita kutoka nyuma, “hayo ndiyo uliyosomea Moshi?”

Watu walicheka. Nikasema, “Ndiyo, baba. Na nilipata cheti.” Wakacheka tena, safari hii vizuri zaidi.

Walinifuata wengi, na nguo zao za kanisani, wanawake wamevua viatu wakavishika mkononi. Nilianza kung'oa. Isale lisilofikisha wiki mbili linatoka kirahisi, lakini kila nililolitoa nilihisi macho ya watu mgongoni, na wanawake wengine walikuwa wanaguna kwa chini, kama unavyoguna mtu akipita ukingoni mwa genge. Mama Anasia alitembea kando yangu akiyapokea na kuyapanga kwenye kanga yake. Alikuwa mtu pekee aliyethubutu kuyashika. Tulipomaliza aliyahesabu. Thelathini na tisa. Tulitafuta la arobaini kwenye majani yaliyolala, hatukuliona, na jua lilikuwa linazama kwenye miti.

Sasa nilitaka kuchukua jani moja kwenye lile fungu nimpelekee Mzee Elinaza. Mama Anasia alinipiga mkononi kidogo. “La ugomvi haliombi msamaha,” alisema. “Chuma jingine kihambani kwangu. La wazi, lisilofungwa na kitu.” Nilichuma, nikashuka nalo peke yangu. Mzee alikuwa amekaa mlangoni na redio iliyozimwa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Alilitazama jani mkononi mwangu, na hakunyoosha mkono. Nilisimama. Kuku walipita mara mbili. Nilijua hawezi kulikataa, lakini hakuna mila inayomlazimisha kuharakisha. Mwishowe alilipokea, akaliweka kwenye goti.

“Miaka thelathini nimegawa maji,” alisema. “Hakuna aliyewahi kuniambia nimechukua hata ndoo.”

“Najua, baba.”

“Hujui. Lakini umekuja.” Kisha akaita ndani: “Leteni chakula, huyu mtoto ametoka mlimani.”

Kesho yake asubuhi, kabla pikipiki haijasikika, Baba Eliya alipanda akang'oa ya kwake, na wengine watatu wakafuata. Mama Eliya ndiye aliyemwamsha, tulisikia wote kupitia uzio. Lakini mti ukishakatwa haupandi tena kwenye shina lake. Bwana misitu aliyaona mashina matatu, na Mzee Elinaza, aliyekuwa amerudi kazini, alimwonyesha mwenyewe bila kuficha hata moja. Nilieleza kosa langu kwa mara ya tatu ndani ya siku mbili. Bwana misitu alizunguka mashina yale muda mrefu, akaandika, akasema upande wa chemchemi na majani yake yote umefungwa miezi mitatu, kisha atakuja kuona. Hakutufungia msitu wote. Lakini upande ule ndio uliokuwa karibu na kwetu.

Miezi ile mitatu ndiyo iliyonifundisha. Siku za kukata nilikwenda na Mama Anasia upande wa mbali, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu, na siku nyingine nilishuka tambarare kutafuta mabua ya mahindi. Tulimkatia Siwema vigogo vya migomba, chakula chenye maji mengi na nguvu kidogo. Maziwa yalipungua hadi Mama Anasia akawa anakwenda kituo cha maziwa na ndoo nyepesi na mdomo uliofungwa. Hakunilaumu hata siku moja, isipokuwa alikuwa akimwambia Siwema, mimi nikisikia, “Vumilia, mama. Karani anajifunza.” Baba Eliya, bila kuombwa na mtu, alituletea mzigo wa majani kila Jumamosi, akautupa mlangoni na kuondoka kabla hajashukuriwa. Siwema alizaa ndama jike mwezi wa tatu wa adhabu yetu. Alikonda, lakini hakuuzwa.

Penye mashina tulipanda miringaringa. Na hatukuweka tena mstari wowote. Mama Eliya ndiye aliyesema kwenye kikao kwamba wanaojua msitu ni wanaoingia humo mara mbili kwa wiki, basi kila siku ya majani wanawake wawili wapite kwenye chemchemi kabla ya kukata, waje waseme walichokiona. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwaka huo ulipokwisha majibu yangu yalitoka, nikaenda chuoni, na kazi yangu yote tangu hapo imekuwa kukaa na kamati za vijiji, za misitu kwanza, baadaye na za wavuvi wa bwawani huko chini. Naenda na kalamu, lakini siku za kwanza siandiki.

Siku ya pili baada ya mazishi ilikuwa Ijumaa. Mama Eliya, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alimtuma mkwe wake anipeleke juu, kisha akabadili mawazo akaja mwenyewe, tukipumzika kila kona. Maji yanatoka mengi. Miringaringa imekuwa mikubwa. Na kwenye majani marefu, mbali kidogo na maji, limesimama isale moja refu kuliko mimi, limejigawa matawi matatu. Wanawake walikuwa wametundika juu yake ngata zao za kichwani wakati wanakata.

“Hilo ni la nani?” niliuliza, ingawa nilishajua.

“La karani,” alisema mwanamke mmoja kijana, bila kujua anaongea na nani. “Mama Anasia alisema lisiguswe. Tunatundika ngata tu.”

Mama Eliya alinitazama akaziba mdomo kwa kanga.

Basi, wewe uliyenisikiliza hadi hapa, kama una mpaka wa kuweka, wa msitu, wa maji au wa shamba la shule, fanya hivi. Chukua kipande kimoja tu cha kile unachotaka kupanda, ukipeleke kwa mtu anayekata majani mahali hapo, umwonyeshe, umuulize: “Ukikikuta kimesimama pale, utasema ni cha nani?” Msubiri ajibu. Kisha ndipo uchimbe shimo.